Hatua ya Kumi na Moja

Saa nane za usiku, duka la dawa, Gyumri.
Theluji imeziba nusu ya kioo cha mlango
na hakuna anayeumwa, au wanaoumwa wamelala.
Namburura mfalme kwa kidole, miraba miwili kulia,
ngome imruke, isimame ubavuni mwake:
ndivyo mtu anavyofunga mlango kabla ya vita.
Mfalme anateleza, anarudi alipotoka.

Namburura tena.
Anarudi tena, bila kelele, bila maelezo,
kama mteja aliyesahau pochi.

Saa inakula sekunde zangu.
Njia ni nyeupe. Farasi nimeshamtoa, ndovu nimeshamtoa,
hakuna jicho la adui kwenye miraba ile;
nimeikagua kwa ncha ya kalamu juu ya simu,
kama ninavyohesabu vidonge.
Au ni kwa kuwa ndovu wake anailenga ngome yangu?
Nikamwandikia Norayr, aliyeko Krasnodar, mwenye kete nyeusi:
Hiki kitu chako kimeharibika.
Akajibu: Hakijaharibika. Hatua ya kumi na moja.
Acha mafumbo, dakika zinakwisha. Ni ngome?
Ngome hata ikilengwa, ruhusa. Mfalme wako ndiye tatizo.
Alitoka.
Lakini amerudi!
Alitoka, dada.

Nikaurudisha mchezo nyuma, hatua kwa hatua, nikaona:
malkia wake alipiga hodi, nami kwa woga
nikamtoa mfalme hadi barazani, mraba mmoja tu,
na hatari ilipopita nikamrudisha sebuleni.
Pale pale. Rangi ile ile ya sakafu chini ya miguu.
Ungepiga picha kabla na baada
usingeona tofauti.

Kwa baba ingekubaliwa.
Ubao wetu ulikuwa wa mbao za sanduku la parachichi,
ngome moja ilipotea, tukaweka kastabini ya mama,
na mfalme aliyetoka akarudi
alihesabiwa hakutoka.
"Aliyerudi amerudi," alisema baba,
akiirusha kastabini juu ya taji
kwa vidole vilivyopasuka kwa saruji.
Nikaamini kwamba hiyo ni sheria ya dunia nzima.
Norayr, aliye mkubwa, anasema hapana:
kabla ya Surgut baba hakuicheza hivyo.
Sheria hiyo alirudi nayo.

Miaka tisa akijenga maghorofa ya watu.
Alirudi mwezi wa pili, ndala zake zikamtosha,
kiti chake kilikuwa pale pale, karibu na jiko,
akakaa. Mama akamwekea supu.
Hakumkatalia kitu, hakumwuliza kitu.
Ila kila alipomsogelea
mama aliteleza hadi upande wa pili wa chumba,
bila kelele, bila maelezo,
nasi tukadhani ni jambo dogo lililokwama,
kwamba akijaribu tena, kwa nguvu kidogo,
litakaa.

Nani alikuwa ameandika hatua zake?
Mama hakuwa na daftari.

Sekunde arobaini.
Nikampeleka mfalme kwa miguu,
mraba mmoja, na zamu iliyofuata mwingine,
ngome ikabaki imebanwa konani, haina pa kutokea.
Hilo halikataliwi. Linachelewesha tu.

Kengele ya mlango.
Mwanamume mwenye theluji mabegani anataka sharubati ya kikohozi,
si yake, anasema, ni ya nyumbani,
na anasimama kwenye zulia la mlangoni, haingii,
anaogopa kuchafua sakafu.
Nikamwambia apite. Hakupita.
Nikamfuata na chupa na chenji yake.

Niliporudi kwenye simu saa yangu ilisoma sifuri,
mfalme mzima, ngome konani,
na chini yake neno moja kutoka Krasnodar:
Tena?