Hesabu ya Pascuala

Jokofu lililetwa bure na lori la kampuni,
jekundu, lenye taa ndani, na sharti moja tu:
kisilazwe humo kitu kingine.
Si maziwa, si nyanya, si hata dawa.
Kwa hiyo insulini ya Mateyo hukaa chini ya meza
ndani ya mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa kibichi,
na soda hulala kwenye baridi kama wafalme.

Huku milimani Chiapas mvua haimnyimi mtu,
ila bomba la kijiji hukohoa tu,
kutwa likitema kutu.
Lori la maji huja siku ya nane, likikumbuka.
Lori la soda halijawahi kusahau.

Mateyo Hol alikuwa mchonga mihimili.
Alfajiri chupa moja, badala ya uji.
Saa nne, ya pili.
Ya tatu kwa kushushia chapati za mahindi zilizopoa,
na harusini, na matangani, na mbele ya mishumaa ya watakatifu,
kwani hata watakatifu huku wamezoea kumiminiwa.
Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja;
hawakusema nani ataulipia mzinga.

Katika lugha yangu ugonjwa huu una jina la kubembeleza,
kisukari,
kama kijukuu cha sukari kilicholetwa likizo.
Kilianza kwa kiu.
Kikala vidole viwili vya mguu wa kushoto.
Kisha kikaingia kwenye figo, kikaketi.

Sasa Jumatatu na Alhamisi, saa tisa za usiku,
mume na mke hushuka mjini, damu ikaoshwe.
Pascuala hubeba daftari la duka.
Kwenye benchi, mashine ikinguruma,
huramba ncha ya penseli:

nauli ya wawili, kwenda na kurudi, mia na themanini;
chakula, sitini;
dawa na mirija, mia nne.
Jumla peso mia sita na arobaini.

Faida ya chupa moja ni peso mbili.

Akagawanya. Akafuta. Akagawanya tena,
akaazima penseli ya nesi, huenda yake ndiyo iliyokosea.
Mia tatu na ishirini.
Ili damu ya Mateyo ioshwe mara moja
majirani wanywe chupa mia tatu na ishirini.
Akawapitia kwa majina: Antun mwenye ukungu machoni,
Maruch na mimba yake ya miezi saba,
mwalimu Ermilo na kidonda kisichofunga,
pacha wa Rosenda wanaonyonya soda kwa chuchu ya mpira.
"Una nini?" Mateyo akauliza.
"Hesabu tu."

Jioni, mlango wa duka ukiwa nusu wazi,
Lusya wa miaka sita alikuja na sarafu kiganjani.
Meno yake ya mbele yameliwa hadi kwenye fizi.
Pascuala akamjazia kopo maji aliyoyachemsha,
akamwambia, chukua, bure.
Mtoto akayatazama yale maji yasiyo na rangi, kwa adabu.
"Mama kasema ile nyekundu. Kubwa."

Jokofu likafunguliwa, taa ikawaangaza wote wawili.

Daftarini akaandika:
mia tatu na kumi na tisa.