Kabla Hujalipa, Tapkigen

Nenda Njoro asubuhi, bila kupiga simu.
Ukikuta boneti ina joto,
jua mwenyewe ameamka kabla yako kulibembeleza.

Beba sumaku ya spika ya redio kuukuu,
ipitishe chini ya milango, polepole.
Ikinasa, ni bati la mwaka arobaini na tisa.
Ikianguka, ni puti, rangi
na maneno ya Bwana Kibowen.

Tandika gunia, lala chini.
Vumbi la Nakuru hufuliwa; chesi iliyooza haifuliwi.
Choma kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye ugali,
shukuru kwa chai, ondoka.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
hili liko juu ya mawe mwaka wa kumi na moja,
kuku wanataga kiti cha nyuma.
Sijui methali inasemaje hapo.

Namba ya injini isome kwa kidole chako,
si kwa mdomo wake.
Usiseme "zuri". Usiguse usukani.

Mimi niliugusa.
Nikafunga mlango, ukalia tup, kama kabati la marehemu mama,
sumaku nikaisahau mfukoni.

Ndiyo, lile la kijani nyuma ya nyumba,
ambalo nawaambia watu
linangoja vipuri.