Mkono Uliosahauliwa

Tuliingia kwa mlango wa ubavuni, mimi na mama,
tukapanda ngazi za nje, arobaini na tatu, nilizihesabu,
hadi roshani ya watu weusi pale Memphis.
Mama kavaa kofia yake ile ile ya mazishi na Pasaka.
"Leo namwona mwanangu," alimwambia mkata tiketi,
naye akarudisha chenji bila kuinua uso.

Uliandika, Lemuel: dakika nne nzima.
Uliandika: nina sentensi kumi na moja, mama,
na moja kati ya hizo inamjibu tajiri.

Taa zikazimwa. Tajiri akaja, mkewe akaja,
mbwa wao akaja, akapewa muda wa kujikuna.
Tukangoja.
Kisha picha ikaruka, kama mguu unaokosa ngazi gizani,
na pale ulipopaswa kusimama pakabaki
sinia, glasi mbili, na mkono.

Mkasi wa mji ule ulikuwa na haraka.
Ulikata uso, ukakata sauti,
mkono ukausahau.

Mama hakulia. Aliinama mbele kitini:
"Tazameni kidole gumba. Lile kovu ni la pasi yangu,
alikuwa na miaka sita, nikinyoosha mashuka ya watu."
Akageuka, akatangaza kwa sauti ya kanisani:
"Huyo ni wangu."
Roshani nzima ikapiga makofi.
Wazungu chini wakainua shingo,
wasijue sinia lina nini cha kushangiliwa.

Mwaka uliofuata nilikuja Harlem.
Chumba cha chini ya kanisa, viti vya kukunja,
bomba la mvuke likigonga kila ulipotaka kunyamaza.
Ulikuwa mfalme. Joho lako lilikuwa pazia la mwenye nyumba wako,
nililitambua kwa maua yake.
Ulisema nusu saa, hakuna aliyekukata.
Watazamaji thelathini na wanne.
Mapato: dola tisa na kuku wa kukaanga.

Halafu ukarudi California kufungua milango.
Filamu thelathini na moja, nazo nimezihesabu:
umebeba mabegi, umeshika farasi,
umeogopa mizimu kwa macho waliyokuamuru uyatoe.
Nilikasirika, nikakuandikia maneno ambayo sitayarudia hapa.
Ukajibu kwa kadi ya posta, mstari mmoja:
*Mtumishi ndiye anayemlipia mfalme kodi, Odessa.*

Mwishoni, Los Angeles, wodi yenye harufu ya dawa na supu,
nilikuuliza swali nililolibeba tangu roshani ile:
sentensi gani, Lemuel? Ile iliyomjibu tajiri?
Ulicheka mpaka muuguzi akaja.

"'La, bwana.'
Maneno mawili tu," ukasema.
Ukainua mkono juu ya shuka, kana kwamba sinia bado limo.
"Lakini ungesikia nilivyoyatamka."