Chenji

Kaka Tluway, uliniuliza kwenye simu huku ukicheka:
«Ulikwenda Kanada ili uteke maji kwa ndoo?»
Mtandao ukakata kabla sijakujibu.
Leo Jumapili, theluji imepumzika,
kuni zimo ndani, nina nafasi.
Nimemwaga chenji mezani nikuhesabie.

Hii ya senti tano ina biva,
mnyama mwenye mkia bapa kama mwiko wa ugali.
Humu ametulia juu ya gogo,
mpole kama mwalimu mkuu siku ya kupigwa picha.
Wa kwangu hatulii.
Mwezi wa tano aliziba kijito kwa tope na matawi,
njia ikawa bwawa, viazi vikaoza.
Nikabomoa asubuhi, usiku akajenga.
Siku ya nne nikamwendea na sepetu,
nikamkuta anatafuna gome. Akanitazama
kama karani anavyomtazama mtu aliyeruka foleni.
Nikahamisha viazi.

Ya dola moja ina ndege wa ziwani.
Bubu, rangi ya dhahabu.
Lakini huyu wa hapa akilia saa nane usiku
ni sauti ya mtu aliyekumbuka deni
wakati mwenye kumdai amekwisha kufa.
Usiku wa kwanza nilifunga komeo, nikasogeza na meza.
Siku hizi asipolia, silali.

Ya senti ishirini na tano ina mnyama wa pembe za matawi.
Wanamwita karibuu.
Nilipolisikia jina nilidhani nakaribishwa.
Huyu sijamwona. Jirani yangu Wendell Comeau,
mzee wa miaka themanini na miwili,
anasema babu yake alimwona wa mwisho
katika bonde hili la Nashwaak, akampiga risasi,
akajuta, akamla.
Walimmaliza, kisha wakamchora.
Usicheke. Itazame nembo yetu:
Bwana na Bibi wamesimama,
kila mmoja na pembe yake ya ndovu,
na ndovu mwenyewe hayumo.

Halafu kuna jani.
Siku ya kiapo, kule Fredericton, walitugawia vibendera vya kijiti.
Jaji akasema tuinue, nikainua, koo limenikauka.
Jani jekundu, halina tundu, halina kiwavi.
Nimelichomeka dirishani.
Jua la viangazi vitatu limelifanya pinki kama ufizi.
Wendell aliliona, akakohoa, akaomba chai.

Mti wenyewe uko nyuma ya choo.
Machi nautoboa, natundika ndoo,
utomvu unadondoka, tone,
kimya,
tone.
Ndoo arobaini huchemka hadi kubaki moja,
na macho yangu yamevimba kwa moshi.
Mwezi wa sita majani ni kijani na wadudu wameyala.
Wekundu ni wiki mbili tu, Tluway.
Bendera wameisimamisha kwenye wiki hizo mbili.
Zinazobaki ni za kahawia na za matawi matupu,
za majani ninayoyakusanya kwa reki
nikayalaza juu ya viazi
hadi yasahau kwamba yalikuwa majani.
Mimi naishi katika wiki hizo.

Unamkumbuka mwalimu Gwaltu na fimbo yake ubaoni?
Kijani ni ardhi, njano ni madini, weusi ni sisi,
bluu ni maji.
Tuliimba pekupeku, kisha tukatumwa
kuteka maji ya nyumba yake.
Bluu ile niliichora kwa penseli kabla ya kengele;
uzito wake nikaujua kichwani, baada ya kengele.

Kwa hiyo ndiyo, kwa ndoo.
Nimejumlisha: dola moja na senti thelathini.
Hainunui mkate.
Nairudisha kwenye kopo la kahawa,
biva chini, ndege juu,
na yule asiyekuwepo katikati.

Ningeandika zaidi, ila shoka liko nje
na tundu la barafu hujifunga upesi.