Sifuri Mara Tatu

Nesi Mhoja kashuka Makoroboi na kikapu,
ndani diski nne, kazifunga kwa kanga
kama vitumbua vya moto.
Zahanati yao ya Igombe imefungwa,
kompyuta zinakwenda mnadani.
"Nimeshafuta kila kitu," anasema,
"hata kapu la taka nimelimwaga.
Ila moyo haujatulia."

Moyo wako una akili, nesi.
Ulichong'oa ni kibao cha mlangoni,
wenye nyumba bado wamelala ndani.
Magugumaji pale Kirumba huyaoni?
Wanafyeka juu, wanapiga picha, wanaondoka;
wiki ya pili mitumbwi haipiti.

Nikachomeka ya kwanza, aone mwenyewe.
Programu ikaburuta kama kokoro,
haichagui furu wala sangara:
majina, tarehe, namba za kadi,
nani alipimwa, nani alikutwa nao,
nani alikatiza dozi.
Nesi akafunika kioo kwa kiganja.
Kachelewa. Macho hayana pazia.
Jina la tatu nalijua.
Hapa silitaji. Hapa pana 000000.

Kufuta kweli, nikamwambia, ni kuandika:
sifuri juu ya kila jina, ukingo hadi ukingo,
kama mpiga lipu asiyeacha tofali lichungulie.
Mara moja yatosha, wanasema wajuzi.
Mimi napiga tatu. Mteja anataka kulala.

Saa nane umeme ukakatika,
asilimia sitini na moja.
Tukaanza upya. Hakuondoka,
alikaa kwenye ndoo akimenya karanga.

Ya nne ilikuwa inakoroma, haiandikiki.
Hiyo nikaitoboa kwa drili, matundu matano,
unga wa fedha ukatapakaa mezani.

Jioni nikatupa kokoro tena kwa zile tatu.
Halikuleta hata dagaa.
Akasaini daftari, akakunja kanga yake,
akaenda zake bila kikapu.

Na mimi je, nani atanipitishia sifuri?
Kesho mwenye jina atapita hapa kibandani,
kama kila siku, na utani wake wa Simba na Yanga.
Nitaanza kuandika juu:
bei ya sato, mvua ya jana,
goli la dakika ya tisini, sifuri, sifuri,
nikiruka nirudie,
hadi nikimtazama nimwone yeye tu,
na bisibisi yangu
ambayo hajarudisha tangu Pasaka.