Kabla Redio Haijasema

Najua kabla ya redio.
Miayo mitatu mfululizo, shingo imekauka kama kamba iliyolowa jana,
kisha kidoa cheupe pembeni mwa jicho la kushoto
kinameta, kinapanuka,
kinakula namba ya lori lililo juu ya mizani.

Magharibi, juu ya milima, mawingu yamejikunja upinde.
Chinuki inateremka.
Jana mate yaliganda kabla hayajagusa ardhi;
leo mapaa yanadondoka maji, theluji inaporomoka kwa vishindo,
na Taber nzima iko nje, makoti mikononi.
Mzee Veldhuis anaosha gari, Januari hii, huku akipiga mluzi.
"Siku njema, Hendrika!"
Njema kwa nani.

Aliyekiita kipandauso alikiona kikipanda.
Huanzia kisogoni, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto,
huzunguka sikio, hufika kwenye nyusi,
hapo huvua viatu
na kuanza kugongomea misumari.

Nafunga dirisha la kibanda. Harufu ya viazisukari vikichemka kiwandani
inaingia vilevile: tamu, ya udongo, ya kitu kinachooza kwa adabu.
Malori kumi na moja kwenye foleni.
Simu iko mkononi na siibonyezi,
maana mwezi huu nimeomba ruhusa mara tatu,
na mara ya tatu Bwana Pruett alisema, "Tena?"
Neno moja, wala hakulikaripia.
Hilo "tena" nimelala nalo, nimeamka nalo.
Mizani yangu inapima tani arobaini, hilo haikulipima.
Siku nyingine nadhani ndilo linaloanza,
kichwa kinafuata tu.

Daktari Friesen alinipa daftari. Andika, alisema,
ulikula nini, ulilala saa ngapi, ulikasirika na nani.
Nikaandika jibini. Nikaandika hedhi. Nikaandika upepo, upepo, upepo.
Hofu ya upepo
sikujua niitie kwenye safu ipi.

Kidonge kina dakika zake. Ukikichelewesha umekunywa maji tu.
Hilo limenichukua miaka sita kujifunza:
nisingoje mpaka niamini kwamba naumwa.
Nabonyeza.
"Ni mimi. Ndiyo, tena," nalisema mwenyewe, kabla yake.
Kimya. Karatasi zinachakarishwa.
"Nenda. Namleta Kornelius."

Chumba cha chini. Blanketi limepigiliwa dirishani,
mfuko wa njegere za barafu kisogoni, ndoo karibu na mkono.
Jorinde ana miaka tisa. Anavua viatu nje ya mlango,
anachomoa waya wa friji kwa sababu inavuma,
hakuna aliyemwambia,
kisha anakaa ngazini na hesabu zake,
akiandika kwa penseli butu isiyokwaruza.
Mtoto hapaswi kujua penseli ipi haikwaruzi.
Hilo nalo sikulitia daftarini.

Saa tisa usiku nikaamka.
Upepo umekatika. Kichwa kitupu, chepesi,
kama ghala msimu ukiisha.
Njegere zimeyeyuka, mto umelowa.
Maziwa yamechacha; nikayamwaga taratibu, asisikie.
Nikachomeka waya.
Friji ikakohoa, ikaanza kuvuma,
nami nikasimama gizani bila viatu,
kiganja juu ya mlango wake,
nikiisikiliza.