Uzi Wenye Mafundo Matatu

Gunia lilishuka na basi la Masasi,
jina langu limeandikwa kwa makaa,
herufi zako zile zile, zimelalia kushoto.
Nikadhani viazi.
Nikafungua kizingitini, harufu ikatangulia:
kondoo, mvua, moshi wa nchi nisiyoijua.
Somoe wa jirani akaziba pua:
"Mwanao kakuletea mnyama, nyama kabakiza!"

Mlikuwa na karatasi.
*Mama, huku Makete maji yanaganda ndooni.
Watoto wanaandika wamevaa soksi mikononi.
Masweta ya mnadani yamechoka. Nifumie.*
Na kipande cha uzi wa katani,
mafundo matatu: mkono, kifua, kiuno.

Siwema, sufu yako imekunywa ndoo sita,
na bei ya ndoo Newala unaijua.
Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi,
ya pili mchuzi,
ya tano ndiyo yakaanza kuniheshimu.
Nikaanika pale ninapoanika makopa.
Upepo ukaja na salfa, wanapulizia mikorosho,
nikakimbia na kanga mbili kuifunika
kama mtu anayeficha deni.

Pia alinichongea Nandonde,
kwa kipande cha mpingo kilichobaki kwenye sanamu.
"Hili lilikuwa liwe sikio," akasema,
"basi likusikilize wewe."

Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili. Wa saba.
Miaka arobaini sijasokota,
na wakati ule ilikuwa pamba, na bibi yangu yuko nyuma,
ananigonga kiwiko: *Uzi hauuawi na kukatika,
unauawa na mkono unaoogopa.*
Pamba ina adabu, hukaa ulipoiweka.
Sufu ina vidole,
humshika mwenzake kabla hujamtambulisha.

Siku ya nne mkono ukakumbuka peke yake.
Pia inashuka kama ndoo kisimani,
inazunguka, inanong'ona, inagusa sakafu,
naiviringishia uzi, naipandisha.
Ukungu wa Juni unaingia mlangoni bila hodi,
unakaa nami mpaka saa nne.

Jana nikachukua kipimo chako.
Mkono, sawa. Mkono wa baba yako,
uliokuwa ukiifikia sukari popote nilipoificha.
Kifua kimeongezeka. Nikasema, ualimu una ugali.
Kiuno.
Nikapima tena.
Nikajifunga uzi ule mimi mwenyewe,
mimi niliyezaa watano,
ukanizunguka, ukabaki.

Nikakaa chini.
"Kuna nini?" akauliza Somoe.
"Uzi umekatika."
Haukukatika.

Ungeweza kuandika tarakimu.
Fundi cherehani wa huko hakosi futi.
Umeleta uzi, Siwema,
kwa mwanamke unayejua kwamba hausomi uzi kwa macho.

Sikuulizi. Simu ninayo, na salio limo.
Mbele nimeongeza vitanzi kumi na vinane,
nimeipasua katikati, nikatia vifungo vya kifuu,
vikubwa, vya mtu atakayefungua gizani
huku mwingine analia.
Mgongoni nimekosea safu moja, iko chini ya kwapa la kulia.
Nimeiacha. Ndiyo sahihi yangu.

Sufu ya tumboni mwa kondoo, ile laini,
sikuichanganya.
Nimeisokota usiku, nyembamba mno,
taa ya chemli haikuiona, vidole tu.
Imetosha kitu kidogo, kama nusu ya papai changa,
chenye kamba mbili za kufungia kidevuni.
Nimekisukumiza ndani ya mkono wa kushoto.
Ukivaa, utakigusa kabla hujakiona.

Usipige kusema asante.
Piga uniambie ni mwezi gani,
nijue msimu wa korosho nimwachie nani.